Gati la Kompyuta, na Orodha ya Watu wa Quiterajo

Bwana Mhariri amenitaka mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niwaandikie wadogo zangu somo moja juu ya kompyuta. Aliniambia, "Usituletee habari za mambo makubwa. Tuandikie jambo ambalo mtoto wa kidato cha pili aweza kulisoma leo na kulifanya kesho." Basi nimechagua jambo dogo: jinsi ya kuweka doki katika kompyuta ya Linux, na jinsi ya kuitengeneza ipate kumfaa yule atakayeitumia. Walakini katika jambo hili dogo nilifanya kosa ambalo nusura liniletee fedheha kubwa, nami sitalificha, maana kosa la mwalimu nalo ni somo kwa mwanafunzi.

DOKI NI NINI?

Ukiwasha kompyuta huona kwanza ule uso wake mpana uitwao eneokazi. Programu zimo ndani, tena ni nyingi, na kwa kawaida huzifikia kwa kufungua menyu na kutafuta jina moja katika majina mengi. Doki ni safu ya picha ndogo ndogo iliyopangwa ukingoni mwa eneokazi, mara nyingi upande wa chini. Kila picha ni ya programu moja, au folda moja, au faili moja. Ukiibofya, kitu chake hufunguka. Neno lenyewe ni la Kiingereza, na asili ya maana yake ni mahali vyombo vinapofunga kupakia na kupakua. Sisi watu wa pwani tunalo neno letu kwa mahali hapo, basi na tuliite gati.

Gati la namna hii si jambo geni. Kompyuta za NeXT zilikuwa nalo tangu mwaka 1989, na lilipotiwa katika Mac OS X ya Apple mwaka 2001 likajulikana dunia nzima. Kwa watu wa Linux magati ni mengi. Wanaotumia Ubuntu ya kawaida hulikuta tayari, kwa kuwa tangu toleo la Oktoba 2017 huja na gati lake upande wa kushoto. Wapendao mapambo mengi hutumia Cairo-Dock. Mimi nitaeleza lile liitwalo Plank, yaani ubao, kwa sababu ni jepesi, halihitaji kompyuta yenye nguvu, na mipangilio yake ni michache.

Kwa nini Linux? Wengi wenu mnajua kwamba kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Jambo kubwa si bei yake, ingawa haina bei. Jambo kubwa ni ruhusa: una ruhusa ya kuitumia, kuichungua ndani, kuibadili na kumpa mwenzio. Kwa ruhusa hiyo ndiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, waliweza mwaka 2004 kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakubisha hodi kwa tajiri yeyote. Nasi kwa ruhusa hiyo hiyo twaweza kuitengeneza kompyuta imfae mzee mmoja tu, hata kama duniani hakuna mwingine anayeitaka vile.

MTU NILIYEMTENGENEZEA

Mzee huyo ni mjomba wangu. Sisi ni watu wa Quiterajo, katika wilaya ya Macomia, jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, karibu na mahali ambapo mto Messalo unaingia baharini. Nyumbani husema Kimwani, na Kiswahili tunakijua kwa biashara, kwa chuo na kwa udugu. Mimi nilivuka Ruvuma nikaja kusoma hapa, na wenzangu wa mwaka wetu watakumbuka jinsi walivyonicheka kwa matamshi yangu.

Vita vya Cabo Delgado vilianza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani ya Kenneth ikaipiga pwani yetu. Hata mwaka 2020 vita vikafika kwetu wenyewe. Watu wakapanda mashua na madau kwa mamia, wakaenda kusini safari ya zaidi ya kilomita 120, wakashuka Paquitequete, ufuko wa mji wa Pemba. Wako waliobaki visiwani, Matemo na Ibo. Wako waliosukumwa mpaka Metuge na Montepuez. Ndugu na ndugu walipoteana, huyu asijue yule yuko wapi wala kama yu hai.

Mjomba wangu alikuwa na daftari. Alipofika Pemba alianza kuandika majina: fulani bin fulani, watoto kadhaa, yuko mahali fulani. Kila mashua iliyoshuka aliiendea kuuliza. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mali bila daftari hupotea bila habari, sembuse watu? Mtu akifiwa, tujue nani wa kupelekewa habari."

Nilipokwenda kumtazama mwaka 2022, daftari lile lilikuwa limelowa na kukauka mara nyingi, wino umetapakaa, na kurasa nyingine zimeng'oka. Mimi nilikuwa na kompyuta kuukuu ya mkononi, kumbukumbu yake gigabaiti 2 tu, nami nilikwisha kuiweka Xubuntu 22.04, ambayo ni nyepesi kuliko Ubuntu ya kawaida. Kwa siku tisa yeye alisoma, mimi nikaandika, mpaka majina yote yakaingia katika jedwali la LibreOffice. Faili lile tuliliita orodha.

Kisha ikaja taabu. Menyu ya kompyuta ilikuwa kwa Kireno, na mjomba hajui Kireno. Herufi za Kiarabu husoma upesi. Za Kilatini husoma pole pole. Tena kipanya kilimtetemesha mkono. Kila alipotaka kufungua orodha ilimbidi apite milango minne, na akikosea mmoja alipotea. Hapo ndipo nilipoamua kumtengenezea gati.

JINSI YA KULIWEKA

Kwanza, hakikisha una intaneti, kisha fungua lile dirisha la amri liitwalo terminali. Andika amri hii, ubonyeze kitufe cha kuingiza:

sudo apt install plank

Kompyuta itakuuliza neno la siri. Usishangae ukiona herufi hazitokei unapoandika; ndiyo desturi yake. Ikikwisha kushusha na kuweka, liite gati kwa amri hii:

plank

Utaona safu ya picha imetokea chini ya uso wa kompyuta. Nyingine zitakuwa za programu usizozihitaji. Usijali, tutaziondoa.

Pili, lifanye lijitokeze lenyewe kila kompyuta inapowashwa. Katika Xubuntu, fungua mipangilio, ingia sehemu ya kikao na uanzishaji, kisha ukurasa wa programu zinazojianzisha. Ongeza moja: jina lake Gati, na amri yake plank.

Tatu, yawezekana utaona mstari mweusi umekatiza uso wa kompyuta juu kidogo ya gati. Wengi hudhani kioo kimeharibika. Sivyo, ni kivuli tu. Rudi katika mipangilio, ingia marekebisho ya kina ya madirisha, ukurasa wa kompozita, uondoe alama kwenye kivuli cha madirisha ya doki. Mstari utatoweka.

Neno moja la tahadhari: Plank ilitengenezwa kwa mfumo wa madirisha uitwao X11. Kompyuta nyingi mpya hutumia mfumo wa Wayland, na humo Plank haifanyi kazi sawasawa. Ukiwa na kompyuta ya namna hiyo yenye eneokazi la GNOME, tumia Dash to Dock.

JINSI YA KULITENGENEZA

Shikilia kitufe cha Ctrl, huku ukibofya gati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague mapendeleo. Dirisha la mapendeleo litafunguka. Humo utachagua sura ya gati, ukingo litakapokaa, ukubwa wa picha, na kama picha zikue kipanya kinapopita juu yake. Mjomba nilimwekea picha za ukubwa wa 64, maana macho yake si ya ujana. Kukua kwa picha nilikuzima: kitu kinachojongea humbabaisha mtu ambaye mkono wake unatetemeka.

Liko pia shauri la kujificha. Gati laweza kujificha dirisha linapolikaribia, na vijana hulipenda hivyo kwa kuwa nafasi huongezeka. Nilipojaribu kwa mjomba, aliuliza mara mbili kwa saa moja, "Limekwenda wapi?" Basi nikalizuia lisijifiche kamwe. Mtengenezaji na amtazame mtumiaji, asijitazame mwenyewe.

Kuondoa picha usiyoitaka, ishike kwa kipanya, iburute juu nje ya gati, uiachilie. Itatoweka kwa kitu kama moshi kidogo. Kuongeza programu, ifungue. Picha yake itatokea garini. La, nimekosea kuandika: itatokea gatini. Ibofye kwa kitufe cha kulia, uchague ibaki. Kuongeza folda, iburute kutoka mahali pake uiweke katika upenyo baina ya picha mbili. Hivi nilimwekea mjomba folda ya picha za harusi na za watoto.

Sasa jambo la ufundi zaidi. Nilitaka orodha iwe na picha yake na jina la Kiswahili. Nikaandika faili dogo la maandishi, nikaliita orodha.desktop, nikaliweka katika folda ya .local/share/applications ndani ya nyumba yake ya kompyuta. Maneno yake ni haya:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Orodha ya Watu
Exec=libreoffice --calc /home/mzee/Documentos/orodha.ods
Icon=/home/mzee/mashua.png
Terminal=false

Mstari wa Name ni jina litakaloonekana. Exec ni amri itakayotendeka. Icon ni picha. Nami nilitumia picha ya mashua yenye tanga. Baada ya hapo Orodha ya Watu ikaonekana katika menyu kama programu nyingine, nikaiburuta mpaka gatini.

Nilipomaliza, gati la mjomba lilikuwa na vitu vinne tu: mashua kwa orodha, karatasi kwa barua, folda ya picha, na saa. Alibofya mashua, majina yakafunguka mbele yake. Alicheka sana siku ile. Nami nikajiona fundi.

KOSA LANGU

Mwezi wa pili, alfajiri moja, mjomba alikuja kunigongea mlango. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba." Hakuitikia. Alisimama kizingitini na kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akasema, "Mwanangu, nimewapoteza watu."

Nilimkaribisha ndani. Akanieleza kwamba usiku alitaka kuisogeza ile mashua iwe katikati ya gati, aione vizuri. Aliishika, mkono ukatetemeka ukapanda juu, akaiachilia. Ikatoka moshi, mashua haipo. Alikaa usiku kucha mbele ya kompyuta asithubutu kugusa kitu kingine. Aliyafikiri majina ya watu ambao sasa hawakuwa wameandikwa popote, maana kurasa za daftari zilizong'oka zilikwisha kupotea.

Nilifungua folda ya Documentos. Faili la orodha lilikuwa pale pale. Nikalifungua. Mjomba aliinama akaanza kusoma majina kwa sauti, moja moja, kwa zile herufi za Kilatini anazozisoma pole pole. Sikumkatiza. Alisoma mpaka jina la mwisho, kisha akanitazama akasema, "Marahaba, mwanangu."

Basi hili ndilo fundisho la kwanza, nalo nililipaswa kulifundisha siku ya kwanza. Picha iliyo gatini si kitu chenyewe. Ni njia tu ya kukifikia. Ukiitoa, umeivunja njia, kitu kingali mahali pake. Mkitaka kuhakikisha, fungueni folda ya .config/plank/dock1/launchers, ambayo hufichwa kwa kuwa jina la kwanza lina nukta mbele. Bonyezeni Ctrl pamoja na H, itaonekana. Humo kila picha ya gatini ina faili lake dogo. La mashua lilikuwa hivi, wala halina zaidi:

[PlankDockItemPreferences]
Launcher=file:///home/mzee/.local/share/applications/orodha.desktop

Angalieni: hamna hata jina moja la mtu humo. Ni mstari mmoja unaoonyesha njia.

Dawa yake ni nyepesi. Katika mapendeleo, ukurasa wa tabia ya gati, liko shauri la kufunga picha. Ukiliwasha, picha haziondoki wala hazihami hata mkono ukitetemeka namna gani. Mimi nililiacha wazi kwa sababu mimi mwenyewe nalipenda wazi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

La pili aliliona mjomba mwenyewe. Nilipomaliza kumweleza habari za gati na njia, alinyamaza kidogo, akauliza, "Nimekuelewa. Gati likivunjika, chombo kipo. Je, chombo chenyewe kikizama?"

Sikuwa na jibu. Faili la orodha lilikuwa moja tu, katika kompyuta moja tu, tena kuukuu. Nilikuwa nimeshughulika na ukubwa wa picha, na rangi ya gati, na tanga la mashua, nikasahau kutia nakala. Kufunga gati hakulilindi faili hata kidogo. Mtu aweza kulifuta faili kwa njia nyingine, au kompyuta ikafa siku moja isiamke. Niliona haya, kwa sababu mzee asiyejua Kireno wala kompyuta aliuliza swali ambalo mimi mwenye cheti sikujiuliza.

Siku ile ile tulinunua flashi mbili. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala orodha hunakiliwa katika flashi zote mbili, moja hukaa nyumbani kwake na ya pili nyumbani kwa shangazi, mtaa mwingine. Tena kila inapobadilika sana huchapishwa kwa karatasi, naye huihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Majina mengine yameongezwa safu mpya: amerudi, tarehe fulani. Mengine safu hiyo ingali tupu.

MANENO YA MWISHO

Wadogo zangu, mkiweka gati katika kompyuta zenu, msijaze kila kitu. Gati lenye vyombo thelathini halina tofauti na menyu. Chagueni vitu vinne au vitano ambavyo mkono huvitafuta kila siku. Mkimtengenezea mtu mwingine, kaeni naye kwanza, mtazame mkono wake na macho yake, mwulizeni anatafuta nini. Kisha mfundisheni tofauti ya njia na kitu, kabla usiku haujamfundisha kwa hofu. Na kabla hamjachagua rangi, tieni nakala.

Maswali ya kujipima:

1. Picha ikiondolewa gatini, ni kitu gani kimeondoka, na ni kitu gani kimebaki?
2. Kwa nini gati linalojificha halikumfaa mzee, ingawa vijana hulipenda?
3. Kufunga picha za gati hulinda nini, na hakulindi nini?
4. Katika kompyuta unayoitumia, ni faili gani ambalo likipotea leo huwezi kulipata tena? Nakala yake iko wapi?

Swali la nne msinijibu mimi. Inukeni mkalifanye.